Uteuzi na Upakaji Salama wa Grisi ya Kupitisha Joto katika Seti za Elektroniki za Kujiundia: Ufafanuzi wa Dhana, Utaratibu na Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua na kupaka grisi ya kupitisha joto katika seti za elektroniki za kujiundia, yaani vifurushi vya vipuri ambavyo mwanafunzi au fundi huviunganisha mwenyewe hadi kupata kifaa kamili. Hoja kuu ni tatu. Kwanza, grisi hujaza nafasi za hewa tu na haiwezi kufanya kazi ya hitisinki. Pili, kupitisha joto na kuzuia umeme ni sifa mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko chanzo cha hatari kubwa zaidi katika kazi hii. Tatu, baadhi ya majina ya Kiswahili yanayoweza kutumiwa kwa bidhaa hizi hubeba ndani yake maelekezo yasiyo sahihi ya matumizi. Kwa hiyo uteuzi wa istilahi ni sehemu ya usalama. Makala yanatumia mifano ya vipuri vinavyopatikana kwa wingi, hususani rejuleta za 7805, LM317 na LM337 pamoja na kikuza sauti cha TDA2030, na yanapendekeza istilahi na namna ya kuandika maelekezo kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Seti za elektroniki za kujiundia zimekuwa njia mojawapo rahisi ya kujifunza saketi kwa vitendo. Seti ya kawaida huwa na bodi iliyotobolewa, vipinga, kapasita, transista au saketi unganishi moja mbili, hitisinki ndogo ya aluminiamu, skrubu, na wakati mwingine kifuko kidogo cha grisi nyeupe. Maelekezo yake, pale yanapokuwepo, huwa kwa Kiingereza au Kichina, na mara nyingi hatua ya kupaka grisi huelezwa kwa sentensi moja au kwa picha isiyo na maneno. Msomaji anayetumia Kiswahili huachiwa kukisia mambo manne: grisi hiyo ni ya nini, ipakwe wapi, ipakwe kiasi gani, na je, inazuia umeme au haizuii?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Anayekosea kiasi hupata kifaa kinachochemka kuliko ilivyotarajiwa; anayekosea kuhusu umeme anaweza kupata mguso wa moja kwa moja kati ya sehemu yenye voltiji na boksi la chuma analolishika kwa mkono. Kwa sababu hiyo, makala haya hayaishii kwenye fizikia ya joto, bali yanaendelea hadi kwenye lugha ya maelekezo, kwa kuwa ndiyo inayomfikia mtumiaji.

Katika makala haya, neno hitisinki linatumika kwa maana ya kipande cha chuma, aghalabu aluminiamu yenye mapezi, kinachopokea joto kutoka kwenye kipuri na kulitoa hewani. Neno bapa linarejelea sehemu ya chuma iliyo mgongoni mwa transista au rejuleta, ambayo hufungwa kwenye hitisinki. Aidha, tunatofautisha joto, ambalo ni nishati inayosafiri, na halijoto, ambacho ni kipimo kinachosomwa kwa nyuzi za Selsiasi.

2.0 Kazi ya Grisi ya Kupitisha Joto

2.1 Hewa iliyonaswa kati ya nyuso mbili

Uso wa chuma unaoonekana laini kwa macho una mabonde na vilima vidogo sana. Nyuso mbili za namna hiyo zikikutanishwa, hugusana kwenye ncha za vilima tu. Sehemu nyingine inayobaki hujaa hewa. Aluminiamu safi hupitisha joto kwa kiwango cha takribani wati 237 kwa mita kwa nyuzi moja, na shaba takribani 400. Hewa iliyotulia hupitisha takribani 0.026 tu. Kwa hiyo, hata mwanya mwembamba wa hewa ni kizuizi kikubwa kwa joto linalotoka kwenye kipuri.

Grisi ya kupitisha joto hutengenezwa kwa mafuta, mara nyingi ya silikoni, yaliyochanganywa na unga laini wa madini kama vile oksidi ya zinki au oksidi ya aluminiamu. Grisi nyeupe ya bei nafuu hupitisha joto kwa kiwango cha takribani 1 kwa kipimo kilekile. Zile bora zaidi hufikia 8 au hata zaidi. Ikumbukwe kwamba hata grisi iliyo bora hupitisha joto vibaya sana ikilinganishwa na aluminiamu. Ubora wake upo katika kulinganishwa na hewa inayoiondoa, wala si na chuma inachokigusa. Hitimisho la kwanza ni hili: grisi inatakiwa mahali palipo na hewa tu, na kila pale ambapo chuma kinaweza kugusa chuma, grisi inapaswa kupisha.

2.2 Hesabu ya ukinzani wa joto

Ukinzani wa joto hufanya kazi kama ukinzani wa umeme. Hupimwa kwa nyuzi ngapi za halijoto zinapanda kwa kila wati moja ya joto inayopita. Ukinzani wa tabaka hupatikana kwa kugawa unene wake kwa zao la uwezo wa kupitisha joto na eneo.

Tuchukulie eneo la mguso lenye ukubwa wa sentimita mraba 1, ambalo ni karibu na lile la bapa la rejuleta ya kawaida. Tabaka la grisi nyeupe yenye uwezo wa 1 na unene wa milimita 0.05 litakuwa na ukinzani wa nyuzi 0.5 kwa wati. Tabaka la grisi hiyohiyo lenye unene wa milimita 0.5 litakuwa na ukinzani wa nyuzi 5 kwa wati, yaani mara 10 zaidi. Grisi ghali yenye uwezo wa 8, kwa unene wa milimita 0.05, itakuwa na ukinzani wa takribani nyuzi 0.06 kwa wati.

Sasa tutumie thamani hizi katika saketi halisi. Rejuleta ya 7805 inapokea voliti 12 na kutoa voliti 5 kwa mkondo wa ampea 0.5. Nguvu inayogeuka kuwa joto ndani yake ni (12 − 5) × 0.5, sawa na wati 3.5. Ukinzani kutoka ndani ya kipuri hadi kwenye bapa ni takribani nyuzi 5 kwa wati, na tuseme hitisinki yetu ina ukinzani wa nyuzi 10 kwa wati. Katika chumba chenye nyuzi 32, hali isiyo ngeni katika miji ya mwambao, matokeo ni kama ifuatavyo:

(a) Grisi nyeupe, tabaka jembamba: 5 + 0.5 + 10 = 15.5, mara 3.5 ni nyuzi 54. Halijoto ya ndani ni takribani nyuzi 86.

(b) Grisi nyeupe, tabaka nene la milimita 0.5: 5 + 5 + 10 = 20; mara 3.5 ni nyuzi 70. Halijoto ya ndani ni nyuzi 102.

(c) Grisi ghali, tabaka jembamba: jumla ni takribani 15.06, mara 3.5 ni nyuzi 53. Halijoto ya ndani ni takribani nyuzi 85.

(d) Bila hitisinki kabisa: ukinzani kutoka ndani hadi hewani ni takribani nyuzi 65 kwa wati, mara 3.5 ni zaidi ya nyuzi 227. Kiwango hiki hakifikiwi kwa sababu kinga ya ndani ya 7805 huizima kabla, lakini saketi haitafanya kazi.

Kikomo cha kawaida cha matumizi ya kipuri hiki ni nyuzi 125. Hesabu hizi zinaonesha mambo matatu. Tofauti kati ya (a) na (c) ni chini ya nyuzi 2. Hivyo, kwa seti ndogo, fedha inayotumika kununua grisi ghali hailipi. Tofauti kati ya (a) na (b) ni nyuzi 16. Hivyo unene wa tabaka ni muhimu kuliko jina lililo kwenye bomba. Na tofauti kati ya (a) na (d) inathibitisha kwamba hakuna grisi inayoweza kuwa mbadala wa hitisinki. Mambo hubadilika nguvu inapokuwa kubwa: katika kikuza sauti kinachotoa joto la wati 20, pengo lilelile la nyuzi 0.44 kwa wati kati ya grisi mbili huwa karibu nyuzi 9, na hapo grisi bora huanza kuwa na maana.

Zipo faida nyingine za hesabu hii ambazo hazihusu kipuri bali mtu. Katika mfano (a), hitisinki yenyewe hufikia nyuzi 67, yaani 32 jumlisha 35. Saketi inafanya kazi ipasavyo, na bado inaweza kumuunguza anayeigusa. Uzima wa kifaa si dalili ya usalama wa mguso.

3.0 Kupitisha Joto na Kuzuia Umeme

Watumiaji wengi wa vitabu vya sayansi vya Kiswahili wanazifahamu istilahi kipitishi na kihami. Katika elimu ya msingi, istilahi hizi hufundishwa kwa joto na kwa umeme, na mifano huwa ileile: chuma ni kipitishi, mbao na plastiki ni vihami. Mazoea haya hujenga dhana kwamba sifa hizo mbili huenda pamoja. Katika kazi ya kupoza vipuri, haziendi pamoja.

Grisi nyeupe yenye oksidi ya zinki haipitishi umeme kwa kiwango cha kuleta madhara. Lakini kauli hiyo haina maana kwamba inazuia umeme inapopakwa kati ya bapa na hitisinki. Kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 2.1, lengo la kubana skrubu ni kuisukuma grisi pembeni hadi vilima vya chuma vigusane. Vikigusana, umeme hupita. Kadiri grisi inavyopakwa vizuri, ndivyo mguso wa umeme unavyokuwa wa uhakika zaidi. Aidha, skrubu yenyewe ni chuma na huunganisha bapa na hitisinki bila kujali kilichopakwa katikati.

Uzito wa jambo hili unategemea bapa limeunganishwa na nini ndani ya kipuri. Katika 7805, bapa limeunganishwa na mguu wa kati, ambao ni ardhi ya saketi. Kulifunga moja kwa moja kwenye hitisinki kwa kawaida hakuleti tatizo. Katika LM317, bapa ni voltiji ya kutoka. Katika LM337, ambayo ni mwenzake wa upande wa hasi, bapa ni voltiji ya kuingia. Katika transista nyingi za nguvu za umbo hilo, bapa ni kolekta. Katika zile za aina ya mosifeti, ni dreni. Katika TDA2030, bapa limeunganishwa na upande hasi wa usambazaji umeme.

Tuangalie seti ya usambazaji umeme wenye pande mbili, chanya na hasi, inayotumia LM317 na LM337. Muundaji anayeona hitisinki moja ndefu huweza kuzifunga rejuleta zote mbili juu yake, akaamini kwamba grisi nyeupe imezitenganisha. Ukweli ni kwamba ameunganisha voltiji chanya inayotoka upande mmoja na voltiji hasi inayoingia upande wa pili. Akiwasha, mkondo mkubwa hupita kwenye hitisinki, na kitakachofuata ni fyuzi kukatika au rejuleta kuungua. Vivyo hivyo, hitisinki ya TDA2030 inayotumia umeme wa pande mbili ikigusa boksi la chuma lililounganishwa na ardhi, upande hasi wa usambazaji umeme huwa umeshikana na ardhi.

Kinachozuia umeme ni kipande maalumu kinachowekwa katikati: maika, mpira mwembamba wa silikoni, au kauri. Kipande hicho huambatana na bushi ya plastiki inayozuia skrubu isiguse bapa. Vyote viwili vinahitajika; kuweka maika bila bushi ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Maika hupakwa grisi pande zote mbili, kwa kuwa sasa kuna mianya miwili ya hewa badala ya mmoja. Mpira wa silikoni hauhitaji grisi, kwa kuwa ulaini wake wenyewe hujaza mabonde.

Hatari huongezeka katika seti zinazounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa voliti 230. Katika baadhi ya saketi hizo, hitisinki ya upande wa kuingilia umeme huwa na voltiji ya njia kuu wakati wote kifaa kinapokuwa kimechomekwa. Hitisinki ya namna hiyo haiguswi kamwe kifaa kikiwa na umeme, na hata baada ya kuchomoa, kapasita kubwa zinaweza kubaki na chaji. Makala haya yanapendekeza kwamba anayeanza kujifunza atumie seti za voltiji ndogo zinazopata umeme kutoka kwenye adapta iliyotenganishwa na njia kuu.

4.0 Uteuzi wa Bidhaa

Bidhaa zinazopatikana zinaweza kugawanywa katika makundi matano.

(i) Grisi nyeupe ya silikoni. Hii inatosha kwa rejuleta na transista nyingi za seti ndogo zinazofungwa kwa skrubu. Haigandi na huweza kufutwa.

(ii) Grisi yenye unga wa metali, kama vile fedha. Hupitisha joto vizuri zaidi, lakini baadhi yake huweza kupitisha umeme kwa kiasi. Isitumike mahali inapoweza kumiminika kwenye miguu ya kipuri iliyo karibukaribu.

(iii) Metali ya majimaji, ambayo ni mchanganyiko wenye galiamu. Hupitisha joto kuliko grisi zote, na hupitisha umeme kikamilifu. Tone moja likidondokea bodi huweza kuunganisha njia zisizotakiwa kuungana. Zaidi ya hayo, galiamu hupenya ndani ya aluminiamu na kuifanya iwe mororo hadi ivunjike. Kwa kuwa hitisinki nyingi za seti ni za aluminiamu, bidhaa hii haifai kabisa kwa kazi inayojadiliwa hapa.

(iv) Gundi ya kupitisha joto. Hii hugandisha hitisinki kwenye kipuri moja kwa moja. Inafaa pale pasipo na nafasi ya skrubu, lakini kubandua baadaye kunaweza kukivunja kipuri.

(v) Vipande vya kubandika, yaani utepe au mpira wenye gundi. Hutumika zaidi kwenye kompyuta ndogo za bodi moja kama Raspberry Pi, ambazo hitisinki zake ndogo hazina skrubu.

Kigezo cha kwanza cha uteuzi, kwa hiyo, si uwezo wa kupitisha joto bali ni namna hitisinki inavyoshikiliwa. Ikiwa kuna skrubu au klipu, grisi ndiyo inayofaa. Ikiwa hakuna, grisi ni hatari: haishiki kitu. Hitisinki iliyopakwa grisi na kuwekwa juu ya bodi iliyosimamishwa wima huteleza, na kipande cha aluminiamu kikiangukia pini zenye umeme huzishikanisha. Kigezo cha pili ni umeme wa bapa, kama ulivyojadiliwa katika sehemu ya 3.0. Kigezo cha tatu ni nguvu inayogeuka joto, inayopatikana kwa hesabu ya sehemu ya 2.2. Bei inakuja mwisho.

Dawa ya meno, ambayo wengine huitumia grisi inapokosekana, haifai. Ina maji, na maji hayo yakikauka hubaki unga mkavu wenye mianya ya hewa. Kabla ya kukauka, unyevu na chumvi zake huweza kupitisha umeme na kuozesha chuma. Grisi ya magari nayo haikutengenezwa kwa kazi hii, na hutiririka inapopata joto.

5.0 Utaratibu wa Kupaka

Utaratibu unaopendekezwa ni huu:

Hatua ya 1. Chomoa kifaa kwenye umeme na subiri kapasita zimalize chaji na hitisinki ipoe.

Hatua ya 2. Kagua nyuso. Ondoa vinundu pembezoni mwa tundu la hitisinki, kwa kuwa kinundu kimoja hutosha kuinua bapa au kutoboa maika.

Hatua ya 3. Safisha nyuso kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili, kisha acha zikauke. Petroli isitumike: huacha mabaki, na mvuke wake hulipuka kwa urahisi.

Hatua ya 4. Soma karatasi ya data ya kipuri na bainisha bapa limeunganishwa na mguu upi. Ikiwa si ardhi, au ikiwa vipuri viwili vinatumia hitisinki moja, tayarisha maika na bushi.

Hatua ya 5. Weka grisi ya ukubwa wa punje ya mchele katikati ya bapa. Kwa saketi unganishi ndogo, punje ya mtama inatosha. Isambaze kwa ukingo wa kadi ya plastiki hadi uso uonekane umefunikwa kwa utando.

Hatua ya 6. Panga bushi na maika mahali pake, kisha kaza skrubu hadi ishike imara. Kwa skrubu ya milimita 3, nguvu ya msokoto ya takribani nyutoni-mita 0.5 inatosha. Kukaza kupita kiasi hupinda bapa, na upande wa pili, ambao ndio wenye kipuri chenyewe, huinuka.

Hatua ya 7. Futa grisi iliyotoka pembeni. Utando mwembamba unaozunguka bapa ni dalili njema. Lundo ni dalili kwamba iliwekwa nyingi.

Hatua ya 8. Ndipo ulehemu miguu kwenye bodi. Ikilehemiwa kabla ya kufungwa, kukaza skrubu huivuta miguu na kuweza kuvunja viungo. Vidole vioshwe kabla ya kulehemu, kwa sababu mafuta ya silikoni yakifika kwenye shaba huzuia risasi kushika.

Hatua ya 9. Pima kwa multimita kati ya bapa na hitisinki. Ikiwa maika imetumika, mita haipaswi kuonesha muunganiko. Kipimo hiki kinathibitisha kwamba hakuna mguso, basi. Hakithibitishi kwamba kizuizi kitahimili voliti 230, kwa kuwa multimita hupima kwa voltiji ndogo sana.

6.0 Usalama wa Mpakaji

Grisi ya silikoni haina ukali wa haraka kwa ngozi, lakini ni vigumu kuiosha na huhama kutoka mkononi hadi machoni au kwenye chakula. Glavu nyepesi zinatosha kuzuia hilo. Oksidi ya zinki ni sumu kwa viumbe wa majini. Vitambaa vilivyotumika visioshwe mtoni wala kutupwa kwenye mifereji. Alkoholi ya isopropili huwaka, hivyo itumike mahali penye hewa na mbali na chuma cha kulehemia kilicho moto.

Tahadhari kubwa zaidi inawahusu wanaotumia vipuri vilivyofumuliwa kutoka kwenye mitambo ya zamani, hususani vipeperushi vya redio. Baadhi ya transista na vipande vya kauri vya mitambo hiyo vina oksidi ya beriliamu. Kikiwa kizima, kipande hicho hakina madhara. Kikisagwa, kikikwaruzwa au kupigwa msasa, vumbi lake huweza kusababisha ugonjwa wa mapafu usiopona. Kanuni ni moja: kauri isiyojulikana haipigwi tupa, haivunjwi, wala haipigwi msasa.

7.0 Istilahi kama Sehemu ya Usalama

Jina la kitu humwambia mtumiaji namna ya kukitumia hata kabla hajasoma maelekezo. Kwa mtazamo huo, majina yanayoweza kutumika kwa bidhaa hizi yanahitaji kupimwa kwa swali moja: je, msomaji akifuata maana ya kawaida ya neno, atafanya jambo sahihi?

Neno gundi, likitumiwa kwa grisi, linashindwa kipimo hiki. Gundi hushika, anayeambiwa apake gundi ataacha skrubu. Tena, kuiita gundi ya joto huleta utata mwingine, kwa kuwa huweza kueleweka kuwa ile gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa bunduki, ambayo huzuia joto badala ya kulipitisha na hulainika kifaa kinapochemka. Neno grisi ni bora zaidi kwa sababu linaonesha kwamba kitu hakishiki na kinaweza kufutwa. Kasoro yake ni kwamba katika gereji, grisi hushindiliwa kwa wingi. Kasoro hiyo huweza kurekebishwa kwa kutaja kipimo. Neno pesti halina kasoro ya wingi, lakini linaielekeza akili kwenye dawa ya meno, na tumeona kwamba dawa ya meno haifai.

Makala haya yanapendekeza grisi ya kupitisha joto kwa kundi la (i) na la (ii), na gundi ya kupitisha joto kwa kundi la (iv) pekee. Neno kupitisha lisiachwe, kwa kuwa grisi ya joto huweza kueleweka kuwa ni grisi inayotoa joto au inayovumilia joto tu. Kwa maika na jamii yake, inapendekezwa kizuia umeme. Kihami peke yake hakitoshi, kwa sababu hakisemi kinahami nini. Kwa mantiki hiyohiyo, kipitishi kisitumike bila kutajwa ni cha joto au cha umeme.

Vitenzi navyo vinahitaji uangalifu. Kupaka, kwa mazoea ya mafuta ya mwilini, ni kufunika na kusugua. Kukandika ni kuweka tabaka nene kama udongo wa ukutani. Kitenzi kinachofaa ni kupaka, kikiambatana na kipimo kinachoonekana. Neno kidogo si kipimo. Punje ya mchele ni kipimo. Vilevile, mpangilio wa sentensi ufuate mpangilio wa kazi. Sentensi isemayo "kaza skrubu baada ya kuweka bushi" humfikisha msomaji kwenye skrubu kabla ya bushi, na anayesoma huku mikono ikifanya kazi ataikaza. Ni salama zaidi kuandika "weka bushi, kisha kaza skrubu." Onyo nalo likae kabla ya hatua inayohusika. Hatimaye, kila kifuko cha grisi kinachotolewa na seti kiwe na sentensi hii fupi: grisi hii haizuii umeme.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba grisi ya kupitisha joto ina kazi finyu: kuondoa hewa kati ya nyuso mbili zilizobanwa. Kwa seti nyingi ndogo, grisi nyeupe ya bei nafuu inatosha, mradi tabaka liwe jembamba na hitisinki iwe ya ukubwa unaofaa. Maamuzi yanayobeba usalama ni mengine: hitisinki imeshikiliwa na nini, bapa limeunganishwa na mguu upi, na kizuia umeme kipo au hakipo. Maamuzi hayo hayawezi kufanywa na mtu ambaye lugha ya maelekezo imempa jina moja kwa vitu viwili. Hivyo basi, waandishi wa miongozo ya ufundi, walimu wa vyuo vya ufundi stadi na wanaistilahi wanashauriwa kuzijaribu istilahi zao mezani, mbele ya mtumiaji mwenye bisibisi mkononi, kabla ya kuzisanifisha. Utafiti zaidi unaweza kuchunguza kwa njia hiyo iwapo mapendekezo ya sehemu ya 7.0 yanapunguza makosa ya uunganishaji, na iwapo mantiki yake inafaa pia kwa bidhaa nyingine za ufundi zenye majina yanayofanana na matumizi yanayotofautiana.